Mashimoni Nako Kuna Krismasi: Barua ya Wazi kwa Gavana wa Nairobi

Kwa Mheshimiwa Johnson Sakaja,
Gavana wa Kaunti ya Jiji la Nairobi,
City Hall.

YAH: BURUDANI YA USIKU KIBERA NA KAWANGWARE MSIMU WA KRISMASI

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka Mashimoni, Kibera, kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo mezani pako, penye mafaili ya maji, takataka na barabara. Usiku wa Krismasi, mtu ambaye hakusafiri, hana gari na hataki kukaa baa, aende wapi na watoto wake?

Kila mwaka tunasikia kwamba Desemba Nairobi hubaki mahame. Barabara za katikati ya jiji ni kweli hupumua. Huku kwetu watu wamo. Nauli ya Kisumu, Kakamega na Busia hupanda kadiri sikukuu inavyokaribia, na mwenye mke na watoto wanne akipiga hesabu pale Country Bus anaona pesa ya ushago ni ada ya muhula wa kwanza. Basi anabaki. Anabaki pia askari wa lango anayetoka Kawangware kwa miguu jioni kwenda kulinda nyumba za Lavington ambazo wenyewe wameenda Mombasa. Wanabaki dada wa kazi, makondakta, wauza chipsi, na wasusi, ambao usiku wa tarehe 23 na 24 hawalali kwa sababu kila kichwa mtaani kinataka kusukwa kabla ya kanisa.

Ungepita huku mkesha wa Krismasi ungependa unachokiona. Vinyozi wana foleni hadi usiku. Kila mlango wa tatu kuna mtu anasukuma chapati, na harufu yake inafika hadi relini. Upande mmoja ni muziki wa ohangla, upande wa pili mugithi, mbele kidogo isukuti, na katikati ya hayo yote makanisa yana kesha na spika zao. Watoto, ambao shule zao zimefungwa na likizo ndefu imewachosha, wamenunuliwa nguo Toi au Gikomba na wanazilinda wasizichafue kabla ya kesho. Furaha haijawahi kupungua Mashimoni. Kinachokosekana ni mahali pa kuiweka.

Mchana wa Krismasi jibu la wengi ni Uhuru Park. Bustani hiyo ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, na mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikubali kutukanwa hadharani na wakubwa wa serikali ili isijengwe jumba la orofa 60. Kila familia ya Kibera iliyowahi kukaa kwenye nyasi zile na soda na mkate inadaiwa shukrani na mama huyo. Lakini kutoka Mashimoni hadi pale ni mwendo mrefu kwa mtoto wa miaka minne, na matatu siku hiyo hazina bei moja. Giza likianza kuingia lazima urudi, na ukirudi unakuta mtaa una milango miwili tu iliyo wazi kwa mtu anayetafuta burudani: baa na kibanda cha video. Baa ina taa, ina muziki, ina runinga ya kuonyesha mechi za Uingereza za tarehe 26. Sishangai vijana wetu wakiingia.

Mwisho wa Novemba 2022, ukiwa na miezi michache tu ofisini, ulitangaza kwamba klabu za usiku hazitapewa leseni katika maeneo ya makazi. Niliielewa hoja yako. Watu wa Kilimani na Kileleshwa walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba hawalali, na kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zinataka kelele za usiku penye makazi zisizidi desibeli 35. Desemba ya mwaka huo huo Uhuru Park ikapokea Tamasha la Nairobi. Ukitazama mambo hayo mawili kutoka Mashimoni, unaona picha moja: kelele iondolewe karibu na nyumba za watu, na sherehe ipelekwe katikati ya jiji. Kwa mtu wa Kileleshwa mpango huo umekamilika. Analala kwa amani, na akitaka muziki anawasha gari. Huko Kawangware, ambayo iko kwenye eneo bunge moja na Kileleshwa, baa na chumba cha kulala vinatenganishwa na bati moja, na aliyekuwa na hamu ya kusikia bendi mjini angehitaji nauli ya usiku ambayo hana.

Sikuandikii kukuomba ufunge baa zaidi. Naomba usome tena Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili, ile inayotaja kazi za kaunti. Leseni za pombe zimo. Lakini katika aya hiyo hiyo zimo pia burudani ya umma, maonyesho ya video, maktaba, michezo, utamaduni na bustani za kaunti. Taa za barabarani zimo aya ya chini yake, na zimamoto mbele zaidi. Wananchi walipoipigia kura Katiba hiyo hawakuikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kufanya msako peke yake. Waliikabidhi pia wajibu wa kuburudisha watu, na wajibu huo bado haujafika Mashimoni.

Jambo la kwanza ninaloomba ni taa. Unaijua milingoti mirefu tunayoiita mulika mwizi. Jina hilo linaficha nusu ya kazi yake. Chini ya mulika mwizi inayowaka kuna mama wa samaki, kuna muuza mahindi, kuna vijana wanaocheza drafti, kuna msichana anayepita kutoka kazini bila kukimbia. Mahali inapowaka, mtaa unaishi saa tatu au nne zaidi kila siku, na mama mboga anarudi nyumbani na pesa zaidi. Ikizimika, watu wanajifungia. Naomba mafundi wako wapite Kibera na Kawangware wiki ya kwanza ya Desemba, mlingoti kwa mlingoti, na kati ya tarehe 20 Desemba na tarehe 2 Januari kuwe na nambari moja ya simu ya kuripoti taa iliyozimika, na mtu wa kuipokea. Kama pesa ya msimu mzima itatosha kwa jambo moja tu kati ya haya ninayoyaandika, itumie kwa taa.

La pili ni uwanja. Kamukunji yetu ya Kibera inajulikana na kila mwanasiasa wa nchi hii, wewe ukiwemo. Watu hujaa pale wakati wa kampeni, na wakati wa maandamano uwanja huo huonekana kwenye runinga za dunia nzima. Usiku wa tarehe 24, 25 na 31 Desemba, uwanja huo uwe wa familia. Weka jukwaa dogo, taa, spika ambazo zitazimwa saa tano, na waimbaji wa Kibera wenyewe wakiwa wamelipwa, maana vijana wetu wamechoka kuambiwa kwamba kuonekana ndiyo malipo. Kawangware nao wapewe uwanja mmoja wa shule, kwani shule zote zimefungwa na lango lina ufunguo.

Wanawake hawatakuja usiku pasipo na choo. Vyoo vingi vya jamii hufungwa mapema, na baada ya hapo mama mwenye mtoto hana pa kwenda. Ni jambo la aibu kuliandikia ofisi, lakini ndilo linaloamua kama uwanja utakuwa wa familia au wa wanaume peke yao. Vyoo viwe wazi usiku kucha kwa siku hizo tatu, na wahudumu walipwe. Gari moja la zimamoto liegeshwe kwenye ofisi ya DC Kibera kuanzia jioni, kwa sababu mapishi ya sikukuu na umeme wa sambaza, ule wa kuunganishwa kiholela, ni mchanganyiko wa hatari, na moto ukianza Mashimoni hautasubiri gari litoke Tom Mboya Street.

Kuhusu pombe nitasema machache. Sheria ya pombe ya mwaka 2010, ile inayoitwa ya Mututho, inaruhusu baa kufunguliwa wikendi na sikukuu kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku. Saa hizo zifuatwe, na zifuatwe Westlands kama zinavyofuatwa Kawangware. Lakini wakaguzi wako wasije na lori la kuokota walevi. Waje mapema, wapime kinachouzwa. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa hapa Nairobi, wengi wao Mukuru, kwa pombe ya kumi kumi iliyotiwa methanoli, na Februari 2024 watu wengine 17 walikufa Kirinyaga. Wanaokunywa sumu hiyo ni wale wasio na bei ya chupa yenye kibandiko. Krismasi ndiyo siku wanayotaka nao waonekane wamesherehekea.

Huenda washauri wako wakasema burudani ya usiku bila pombe haiwezekani, au kwamba umati wa Kibera ni hatari. Waambie waende Mombasa, Mama Ngina, jioni yoyote ya wikendi. Watakuta akina bibi, mabuibui, watoto na vijana wakila mihogo na viazi karai mbele ya bahari. Wakifika Unguja wapite Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, ambako kila magharibi karabai na taa huwashwa, pweza na urojo huuzwa, na mtu hukaa hadi usiku bila kuulizwa ameagiza nini. Sisi hatuna bahari, lakini tunao wapishi, tunao wanamuziki wa kila kabila, na tunao Wanubi wa Makina, ambao wameishi Kibera zaidi ya miaka 100 na wanajua kupokea wageni wa Idi na wa Krismasi kwa sinia moja.

Na polisi, Mheshimiwa. Najua hawako chini yako. Lakini ukizungumza na wakubwa wao husikilizwa. Kati ya Machi 2020 na Oktoba 2021 tuliishi chini ya kafyu, na tulijifunza kumhofia mtu mwenye sare kuliko mwizi. Ukipanga usiku huo wa Kamukunji, waombe waje wachache, watembee, wasalimie watu. Vijana wa mtaa wako tayari kufanya kazi ya ulinzi pamoja nao, wakipewa fulana na posho ya siku.

Bajeti ya haya ni sehemu ndogo ya gharama ya jukwaa moja kubwa la mjini. Ofisi za wadi za Laini Saba, Lindi, Makina, Gatina na Kawangware zinaweza kuketi na wazee, makanisa, misikiti na vikundi vya vijana ndani ya wiki moja na kukuletea orodha ya viwanja, vyoo na wasanii. Tuko tayari kwa kikao hicho hata Jumapili. Jibu lako, liwe ndiyo au hapana, naomba libandikwe kwa DC Kibera na kwenye ofisi ya wadi ya Kawangware kabla ya Jamhuri Dei, ili wanaobaki wapate muda wa kujipanga.

Wako mwaminifu,
Mkaazi wa Mashimoni, Kibera.