Boya la kukalia lisiingie Ruvuma

Anayesimama Shimo la Mungu, pale Newala ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, huliona bonde la Mto Ruvuma limetandazika chini yake hadi upande wa Msumbiji. Huko juu uwandani maji ni ya shida. Udongo wa kichanga hunyonya mvua yote ikazama chini sana, na kwa vizazi vingi kina mama walishuka mabondeni kuteka maji na kuyapandisha kwa kichwa. Masasi, iliyo chini upande wa magharibi katikati ya milima yake ya mawe, ina nafuu kidogo kwa sababu ya chemchemi ya Mbwinji. Lakini kote kuwili, anayetaka kuvua kambale au perege kwa ajili ya kitoweo au biashara ndogo ana njia mbili tu: ateremke Ruvuma, au atafute lambo. Mtumbwi ni ghali na hauchukuliki kwa pikipiki. Ndipo mpira wa ndani wa tairi la lori, au boya la kukalia lililotengenezwa kiwandani kwa kazi ya uvuvi, linapoonekana kuwa jibu la haraka. Nasema si jibu, angalau si kwa mto ule. Swali la kwanza kwa mvuvi ni anaingia maji gani. Boya gani ni swali la pili, na maji yakiwa ya Ruvuma hatuna haja ya kulifikia.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana kina sifa zake za haki. Boya la kukalia ni chombo cha mtu mmoja kinachojazwa upepo. Mvuvi huketi kwenye kitambaa kigumu kilichofungwa katikati ya boya, mapaja yakiwa usawa wa maji na miguu ikining'inia chini. Husogea kinyumenyume kwa kupiga mateke, akiwa amevaa mapezi ya mpira miguuni, na mikono yake hubaki huru kushika mshipi. Chombo hiki ni chepesi, hubebwa mgongoni, hakinywi mafuta, na hakitishi samaki kwa kelele. Katika mabwawa ya nyanda za juu zenye baridi huko Afrika Kusini, watu huvua trauti kwa maboya haya bila wasiwasi mkubwa. Sababu ni kwamba maji yale yametulia na hayana mamba wala kiboko. Kifaa kilibuniwa kwa maji ya namna hiyo, na usalama wake wote umejengwa juu ya sharti hilo.

Ruvuma hautimizi sharti hilo hata kidogo. Mamba huwinda kwa kuvizia. Huzama akaacha macho na pua tu juu ya maji, kisha hukaribia kwa chini, na anachokitafuta ni kiumbe kinachosogea polepole juu ya uso wa maji. Mtu aliyeketi kwenye boya amejiweka katika hali hiyo hasa: miguu yake inapiga mateke mahali ambapo macho yake hayaoni, mwendo wake ni wa taratibu kuliko wa mtu anayetembea, tena anasafiri kwa kurudi nyuma. Kiboko naye hawindi watu, ila huua kwa kulinda eneo lake. Usiku hutoka majini kwenda kula majani, na alfajiri hurudi, saa ileile mvuvi anapoingia. Kwenye Ziwa Naivasha nchini Kenya, wavuvi wanaoingia majini kwa miguu wameuawa na viboko mara nyingi kiasi kwamba hatari hiyo inajulikana na kila mtu wa pale. Hapa kwetu, katika Halmashauri ya Buchosa mkoani Mwanza, mamba walikamata watu ufukweni mwa Ziwa Victoria hadi Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA, ikajenga kizimba ili wananchi wateke maji wakiwa ndani ya uzio. Kama mwenye ndoo, aliyesimama ukingoni, anahitaji uzio wa chuma, yule anayekwenda penye kina akiwa ameachia miguu yake ndani ya maji analindwa na nini?

Kuna pia mto wenyewe. Ruvuma una urefu wa kilomita zipatazo 800. Wakati wa kiangazi hunywea na kuacha mafungu ya mchanga, na mvua zinapoanza kuelekea mwisho wa mwaka hujaa kwa ghafla na kubeba magogo. Mapezi ya miguuni hayana nguvu ya kushindana na mkondo. Boya husukumwa na maji, na miguu inayoning'inia hukwama kwenye gogo au mizizi iliyozama, huku maji yakiendelea kulisukuma boya mbele. Wanaovua kwa maboya haya kwingineko duniani huonywa wasiyaingize kwenye maji yanayokwenda kasi, hata pasipo na mnyama yeyote mkali. Tukumbuke pia kwamba mto huu ni mpaka wa nchi. Tangu machafuko yalipoanza Cabo Delgado mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kushambuliwa Oktoba 2020, si jambo la busara kwa mtu kuchukuliwa na maji bila uwezo wa kuchagua atatua ng'ambo gani.

Waliozoea kuishi na mamba wametuachia ushahidi wa maana katika vyombo vyao. Kwenye Ziwa Baringo, Kenya, Wailchamus wamekuwa wakivua kwa vyombo vidogo vya mtu mmoja vilivyotengenezwa kwa miti myepesi kupita kiasi inayoota kando ya maji. Navyo ni vyepesi, hubebwa na mtu mmoja, na havihitaji injini. Tofauti ni kwamba mvuvi huketi juu ya ile miti na miguu yake iko ndani ya chombo. Watu wale walihitaji wepesi uleule unaosifiwa kwenye boya la kukalia, na waliupata bila kuitundika miguu yao majini. Mtumbwi wa gogo unaotumika Ruvuma umefuata busara hiyohiyo.

Yupo atakayesema kwamba hata mitumbwi hushambuliwa, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Ni kweli kiboko anaweza kuupindua mtumbwi, na aliyemo akaangukia majini. Lakini katika mtumbwi hatari huanza chombo kinapopinduka, ilhali katika boya huanza mara tu mtu anapoingia majini na haikomi mpaka atoke. Mwenye mtumbwi ana kasia, ana ubao kati yake na maji, na anaweza kusimama akatazama mbele. Wengine husema kwamba siku ya mtu ikifika imefika, awe majini au kitandani. Imani hiyo naiheshimu, lakini haijamzuia mkulima yeyote wa Newala kuvaa viatu anapoingia shambani kwenye nyoka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la umaskini. Kijana asiye na fedha za mtumbwi, akiambiwa asitumie boya, ale nini? Jibu lisiwe kumwachia kifaa kitakachomuua kwa sababu tu ni cha bei nafuu. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri za ukanda huu hupata ushuru wa korosho kila msimu. Kikundi cha vijana wa vijiji vya bondeni kinaweza kukopa mtumbwi mmoja imara pamoja na jaketi okozi kwa kila mmoja wao, wakavua kwa zamu. Huo ni msaada unaodumu. Serikali ina utaratibu wa kifuta machozi kwa familia za wanaouawa na wanyamapori, lakini fedha hizo hupokelewa msibani, na hakuna aliyewahi kurudishiwa mtoto wake kwa fedha hizo.

Je, boya la kukalia halina nafasi kabisa kusini? Linayo, ila ni finyu. Bwawa dogo la kufugia samaki halilihitaji, maana wavu wa kukokota kutoka kingo mbili hutosha. Nafasi yake ni lambo la ukubwa wa wastani, lisilounganika na mto hata wakati wa mafuriko, ambalo wenyeji wanalijua mwaka mzima na wana hakika kwamba halina mamba. Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kwa lambo usilolijua wa kuulizwa ni wazee na wachungaji wa hapo. Hata hapo kuna adui asiyeonekana, kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache, na hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali. Prazikwanteli hutibu, lakini haizuii kuambukizwa tena. Kwa hiyo anayekaa kwenye boya saa nzima anahitaji suruali ndefu ya mpira isiyopitisha maji, yenye mkanda wa kubana kiunoni ili isijae maji akianguka, na avue asubuhi, si adhuhuri.

Akiwa na maji ya namna hiyo, ndipo achague boya. La duara kama mpira wa gari ni baya kuliko yote, kwa kuwa mtu amezungukwa pande zote: likipinduka, kiuno hubanwa na kichwa huelekea chini. Lililo wazi mbele humruhusu kuteleza na kutoka. Mpira wa ndani wa tairi una chumba kimoja tu cha hewa, kwa kawaida umeshazibwa pancha mara kadhaa, na msumari mmoja humaliza kila kitu. Boya la kweli lina vyumba viwili au zaidi vilivyotenganishwa, ili kimoja kikipasuka kingine kimbebe mtu. Kiti kilichoinuka ni bora kuliko kilichozama. Uzito ulioandikwa na mtengenezaji uhesabiwe pamoja na nguo zilizolowa, vifaa na samaki. Lijazwe upepo jioni na kuachwa hadi asubuhi. Likilegea, lipakwe povu la sabuni kwenye mishono na kwenye vali, na mahali povu linapofura ndipo panapovuja. Lisikazwe sana kabla ya kuachwa juani, kwa sababu hewa ikipata joto hutanuka na kufumua mishono. Mvuvi aingie majini kinyumenyume, aanze kwa kwenda kinyume cha upepo wa kusi ili akichoka umrudishe, asivue peke yake, na jaketi okozi livaliwe mwilini, lisifungwe kando ya boya.

Ninachokiomba kwa halmashauri za Masasi na Newala ni kidogo na kinatekelezeka. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka leseni, na halmashauri zina maofisa uvuvi. Maofisa hao wakae na mikutano ya vijiji vya bondeni, na kijiji kiweke kanuni moja iliyo wazi: chombo chochote kinachoacha miguu ya mtu ndani ya maji kisitumike Ruvuma, kiwe cha kiwandani au mpira wa lori. Kisha yaorodheshwe malambo yanayofaa, na vikundi vya vijana vipewe kipaumbele cha mikopo ya mitumbwi. Kanuni bila mtumbwi itavunjwa na wenye njaa, na mtumbwi bila kanuni utawaacha wasiokuwemo kwenye kikundi wakiendelea kuingia na mipira. Viwili hivyo viende pamoja, na vianze kiangazi hiki, kabla mvua hazijaujaza mto.