Wizi usioandikwa haukupungua



Kila mara ni ile ile. Vijana kumi ao kumi na mbili wanakalishwa chini kwenye jua, mikono imefungwa, mbele yao wamepanga mapanga, bunduki moja ya zamani na telefone. Wakubwa wa muji wanafika, waandishi wa habari wanafika, kisha inatoka tarakimu: tumekamata wabandi kadhaa, usalama unarudi. Usiku unaofuata, Ndosho na Majengo watu wanapiga tena firimbi na masufuria juu wezi wako kwenye parcelle ya jirani.

Tuseme wazi. Hesabu ya watu waliokamatwa haiko hesabu ya uhalifu. Inapima kazi ya polisi, basi. Kama mwezi uliopita walikamata 10 na mwezi huu 50, pengine wezi wameongezeka, pengine polisi wameamka, pengine walizoa tu vijana wasio na karte usiku mmoja wa msako. Tarakimu peke yake haitakuambia ni gani. Lakini ndiyo walitupatia, tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Mei 2021, na tuliombwa tupige makofi.

Mimi ninayeandika haya nilinyang'anywa telefone karibu na mlango wa kwetu, saa moja na nusu ya jioni. Nikaenda kushitaki kwenye poste moja ya polisi (sitaitaja, haina faida). OPJ akaniuliza kama niko na pesa ya karatasi. Nikamwambia sina. Akanijibu, bila hata kukasirika: «Sasa petit, nitaandika juu ya nini? Juu ya mkono?» Nikarudi nyumbani. Telefone ile haiko kwenye registre yoyote ya nchi hii. Kwa macho ya leta, mimi sikuibiwa kitu.

Na mimi angalau nilienda. Mama anayeuza makala anajua kwamba mwizi akifungwa Jumatatu, Alhamisi atapita mbele ya meza yake akimwangalia. Mwingine alimuona mwizi na alikuwa amevaa uniforme: atamshitaki kwa nani? Motari aliyepokonywa moto yake kule juu ya muji anahesabu siku atakazopoteza akizunguka kati ya polisi na parquet, anaacha. Kila mlango unachuja. Kinachofika juu ya meza ya mkubwa ni makombo, naye anayasoma kama ni sahani nzima.

Tena kuna ubaya mwingine. Komanda anayehukumiwa kwa tarakimu ndogo ana njia nyepesi sana ya kuipata: asiandike. Na komanda mwema, anayepokea watu vizuri bila kuwaomba hata franga moja, tarakimu zake zitapanda, juu watu watakuja wengi. Kwa hiyo anayefanya kazi ndiye ataonekana ameshindwa! Wala si ugonjwa wa Congo peke yake. Uingereza, wenye kompyuta na pesa, mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walikuta kwamba karibu uhalifu 19 kwa kila 100 uliopelekwa kwa polisi haukuandikwa. Mwaka ule ule takwimu za polisi zilinyang'anywa muhuri wa takwimu rasmi za kuaminika. Kule angalau kuna mtu wa kunyang'anya muhuri.

Basi wengine walifanyaje? Waliacha kumngoja raia kwenye poste, wakamfuata nyumbani. Marekani tangu 1973, Uingereza tangu 1982, Afrika Kusini tangu 1998. Unachagua nyumba kwa bahati nasibu, kila kartie, matajiri na maskini. Unauliza: katika miezi 12 iliyopita, kuna mtu aliingia hapa kuiba? Kuna aliyepigwa, aliyenyang'anywa kitu njiani? Mulishitaki? Kama hapana, kwa nini? Lile swali la mwisho ndilo lenye moto, juu linamhukumu mwenye kuhukumu.

Na musituambie kwamba Congo haiwezekani. Imefanyika. Katika uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa 2007, wanawake zaidi ya 3,400 waliulizwa pia juu ya ubakaji. Watafiti watatu wakachukua majibu yale, wakafanya hesabu, wakaichapisha mwaka 2011: wanawake zaidi ya 400,000 wenye umri kati ya miaka 15 na 49 walibakwa katika miezi 12. Hesabu iliyokuwa ikitumiwa wakati ule, ya visa vilivyoripotiwa kwa Umoja wa Mataifa, ilikuwa karibu 16,000 kwa mwaka. Mara 26! Watu karibu 400,000 walikuwa ndani ya giza, si kwa sababu walinyamaza, ila hakuna aliyewauliza. Na kulitoka jambo ambalo hakuna registre ya polisi ingelisema: zaidi ya wanawake milioni 3 walikuwa wamelazimishwa na mume ao mwenzi wao. Sisi tulizoea kusema ni watu wa msituni tu.

Uchunguzi kama huo una matundu yake, tunajua. Aliyeuawa hajibu. Watu wanasahau, ao wanaingiza ndani ya mwaka wizi wa miaka mitatu. Ukienda kuuliza ukiwa na mwanajeshi nyuma, utaambiwa kila kitu ni sawa. Ukimuuliza mke mbele ya mume, hujauliza. Na kuna jambo zito kushinda hayo: hatujui tuko wangapi. Hesabu ya mwisho ya watu wa nchi hii ilifanyika mwaka 1984. Wengi wetu wazazi wetu walikuwa bado hawajaoana. Mtu akikuambia uhalifu umeshuka Goma, muulize kwanza: kwa watu wangapi? Na wakimbizi wa ndani, umewahesabu?

Sisi pia tusijifanye safi. Tunapochapisha hapa majina ya kartie ambazo watu wameuawa, tunahesabu zile ambazo mtu ana megabaiti za kutuandikia. Kartie isiyo na mtandao inaonekana ina amani. Ni kosa lile lile la poste ya polisi, ila hatuombi pesa ya karatasi.

Tunachotaka ni hiki. Polisi watoe kila mwezi registre za mashitaka, kartie kwa kartie, kwa kartie zote 18 za muji: walioshitaki wangapi, dosye ngapi zilifika parquet, ngapi zilihukumiwa. Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari, hatuombi sadaka. Kuandika mashitaka kuwe bure, na ibandikwe kwenye mlango wa kila poste kwa maandishi makubwa. Na muji ufanye uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, chini ya Institut National de la Statistique, si chini ya wale wanaopimwa. Watu wa kuuliza maswali wako. Tuko maelfu na madiplome kwenye bahasha, tulisoma sampuli na asilimia, tunashinda mbele ya duka tukichaji telefone. Wakitulipa transport, tutaanza Jumatatu.

Na lile swali la «kwa nini hamukushitaki?» lisitolewe kwenye karatasi.

Imefanyika Goma.