Dondakoo: Ugonjwa Tuliousahau

Mwulize mama yeyote anayeshuka matatu pale Awasi, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kericho, akimpeleka mtoto wa wiki sita kliniki: sindano ya paja ni ya nini? Atakutajia pepopunda au kifaduro. Dondakoo huenda asiutaje, maana hajawahi kuuona.

Zamani ugonjwa huu uliogopwa sana. Viini vyake hukaa kooni na kutoa sumu. Utando wa kijivu huziba njia ya hewa, na sumu ikifika moyoni huweza kuua. Haukujali cheo. Mwaka wa 1878, Malkia Victoria wa Uingereza, ambaye ziwa letu lilipewa jina lake, alipoteza binti yake Alice na mjukuu wa miaka 4 katika muda wa mwezi mmoja. Utajiri wote wa ikulu haukufaa kitu.

Mwaka wa 1890, Emil von Behring wa Ujerumani na Shibasaburo Kitasato wa Japani walionyesha kwamba mnyama akizoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo, damu yake hupata nguvu ya kuishinda. Baadaye wagonjwa walidungwa maji ya damu ya farasi, na watoto wengi wakapona. Lakini hiyo ilikuwa tiba. Kinga yake haikudumu. Mwaka wa 1923, Gaston Ramon wa Ufaransa aliondoa makali ya sumu hiyo kwa fomalini na joto, ili mwili wenyewe ujifunze kupigana nayo. Hiyo ndiyo chanjo.

Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa chanjo mwaka wa 1980. Siku hizi sindano moja hukinga magonjwa matano, dondakoo likiwemo. Hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Zote tatu zinahitajika: mwili haujifunzi somo hili kwa siku moja. Anayekomea ya kwanza kwa kuwa mtoto alilia usiku kucha amemwacha nusu njiani.

Dondakoo halijafa. Mwaka wa 2023 lilizuka Nigeria na kuua mamia ya watu, wengi wao watoto ambao hawakuchanjwa.

Kwa hiyo, mzazi, leo kabla ya kulala fungua kijitabu cha kliniki, uhesabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.