Je, Yafaa Kuweka Kalamu za Rangi za Utotoni?

Wako watu wazima ambao hutafuta na kuweka masanduku ya kalamu za rangi za namna ile waliyoitumia walipokuwa watoto. Kalamu hizo ni zile za nta, ambazo wengine huziita krayoni. Mtu wa namna hii akiona katika duka la vitu vikuukuu kisanduku cha karatasi kilichochakaa, chenye kalamu nane au kumi na mbili, hukinunua, akakipeleka nyumbani, akakiweka kabatini pamoja na vingine. Hachori kitu kwa kalamu hizo. Huzitazama tu, na pengine huwaonyesha wageni wake.

Wengi wakisikia habari hii hucheka. Husema, "Huu ni upuuzi. Kalamu ni ya kuchorea. Kalamu isiyochora ina faida gani?" Neno lao si la kudharauliwa, maana katika pwani ya Tanga, kama mahali pengine, wako watoto wasio na kalamu ya rangi hata moja. Walakini kicheko chao ni cha haraka. Yapasa jambo hili lipimwe pande zote mbili kabla ya kuhukumiwa.

Kwanza, desturi ya kuweka vitu vya zamani si ngeni pwani. Mwanafunzi na aende kwa bibi yake, huko Pangani au Mkinga au Tanga mjini, amwombe kwa adabu amfungulie kasha lake. Humo ataona kanga zilizokunjwa vizuri, na nyingine hazivaliwi tena. Akiuliza, bibi atamsomea jina la kila kanga, yaani yale maneno yaliyopigwa chapa juu yake, kisha atamweleza: hii ilinunuliwa mwaka wa arusi fulani, hii aliletewa na mumewe aliporudi safari, hii alipewa alipojifungua mtoto wa kwanza. Hakuna amchekaye bibi huyo. Kila mtu afahamu kwamba kasha lile ni kitabu chake, na kila kanga ni ukurasa. Basi aliyeweka kalamu za utotoni afanya jambo lile lile. Kilichowekwa ni kingine, lakini nia ni moja.

Tena uko ushahidi mkubwa zaidi, nao watoka Tanga yenyewe. Shaaban Robert, mshairi na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Vibambani karibu na Tanga, alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge, barua nyingi kwa muda wa miaka mingi. Barua ni kitu kidogo. Watu wengi huisoma mara moja, kisha karatasi yake ikafungiwa karanga au ikawashiwa moto. Yusuf Ulenge hakufanya hivyo. Alizitunza. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na mwaka 2002 barua hizo, za tangu mwaka 1931 mpaka mwaka 1958, zilipigwa chapa kuwa kitabu. Leo wasomaji hujua kwa barua hizo mambo ya maisha yake ambayo yangalipotea. Kama Ulenge angaliona kwamba karatasi iliyokwisha kusomwa haina kazi, hasara ingalikuwa ya watu wote wapendao Kiswahili.

Huenda mtu akajibu, "Barua zina maneno ndani yake. Kalamu ya rangi haisemi." Jibu hili lina nguvu, na njia ya kulipima ni kutazama kalamu zenyewe, zilikotoka na zilivyokuwa.

Hapo zamani mwanafunzi wa shule aliandika juu ya kibao cha sleti, na mtoto wa chuo cha Kurani aliandika juu ya ubao wa mti. Somo likiisha, kibao kilifutwa, na kazi ya mtoto ikatoweka. Ndiyo sababu ni vigumu sana kuona leo picha aliyoichora mtoto wa Tanga wa miaka mia iliyopita. Nta haifutiki hivyo. Ikiguswa karatasi, hushika, na picha hudumu maadamu karatasi yadumu.

Kalamu za nta zilizopata sifa kuu duniani zilitengenezwa Marekani na kampuni ya Binney & Smith. Kampuni hiyo hapo kwanza ilifanya biashara ya rangi nyekundu ya kupakia mabanda ya mashambani na rangi nyeusi ya masizi. Baadaye ikaanza kutengeneza kalamu za sleti na chaki za shule. Mwaka 1903 ilitoa kisanduku cha kalamu nane za nta kwa bei ya senti 5 za Marekani: nyeusi, kahawia, buluu, nyekundu, zambarau, ya machungwa, ya manjano na ya kijani. Mke wa Bwana Binney, Alice, ndiye aliyezipa jina la Crayola, kwa kuunganisha neno la Kifaransa la chaki na neno lenye maana ya mafuta. Mwaka 1958 kampuni ikatoa sanduku kubwa la kalamu 64, lenye kichongeo ndani yake.

Sasa na lisikilizwe jambo ambalo sanduku la kale lasema. Katika masanduku ya miaka ya nyuma ilikuwamo kalamu moja ambayo jina lake, likifasiriwa kwa Kiswahili, ni "Mwili". Rangi yake ilikuwa ya waridi hafifu yenye umanjano kidogo, yaani rangi ya mwili wa Mzungu. Mtoto wa Pangani ambaye angepewa sanduku hilo, akaambiwa amchore mama yake, angesoma jina la kalamu, akaitazama, kisha akautazama mkono wake mwenyewe. Angefikiri nini? Ama angeona kwamba kalamu yasema uongo, ama, na hili ndilo baya, angeona kwamba mwili wake si mwili kamili.

Mwaka 1962, wakati Wamarekani weusi walipokuwa wakidai haki zao, kampuni ililiondoa jina hilo, ikaiita kalamu ile kwa jina la tunda la pichi. Mwaka 2020 ikatoa kalamu 24 za rangi za ngozi za watu wa dunia, tangu iliyo nyeusi sana mpaka iliyo nyeupe sana. Haya ni mema, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuumba mwili wa rangi moja. Lakini mwanafunzi na aangalie: kisanduku kipya cha dukani hakitamwambia kwamba kosa lile liliwahi kuwako. Kitamwonyesha mwisho wa safari tu. Aliye na sanduku la kabla ya mwaka 1962 ana shahidi mkononi. Mtu akikana, sanduku lafunguliwa, jina lasomwa. Basi si kweli kwamba kalamu ya rangi haisemi.

Hata hivyo, si kila aliyewekaye amefanya vema. Wengi wa wanunuzi hutaka sanduku ambalo halikuguswa kamwe, lenye kalamu zote nzima na ncha zote kali, nao hulipa fedha nyingi zaidi kwa hilo. Hapa wamekosea kipimo. Sanduku lisiloguswa laeleza habari za kiwanda na duka. Lililotumiwa laeleza habari za mtoto. Ichukuliwe mfano wa visanduku viwili vya namna moja. Katika kimoja kalamu ya buluu imebaki kipande kama ukucha: mwenyewe alikaa pwani, akachora bahari, mashua na samaki kila siku. Katika kingine ya kijani ndiyo iliyokwisha: mwenyewe alikaa milimani Usambara, kwenye misitu na migomba. Kalamu iliyovunjika na kufungwa uzi yaonyesha kwamba mtoto alikuwa mhitaji na tena mwangalifu. Vitu hivi havinunuliki vikiwa vipya.

Tena liko kosa kubwa kuliko hilo. Wako ndugu wawili katika nyumba moja. Mkubwa amepewa kalamu za rangi, naye amezifungia sandukuni, asiguse wala asiguswe, akisema kwamba anaweka akiba. Mdogo wake hana kitu, na kila siku huomba apewe kalamu moja achore jahazi. Huyo mkubwa si mtunzaji bali ni mchoyo. Wahenga walisema kwamba akiba haiozi, lakini hawakuisema habari ya nta. Kalamu hizo hutengenezwa kwa parafini, ambayo hulainika kwa joto. Nyumba ya bati wakati wa kaskazi yatosha kuzipinda, na zikipata joto zaidi hugandamana kuwa bonge moja lisilofaa kuchora wala kutazama. Mkubwa atakosa, na mdogo naye atakuwa amekosa.

Kwa hiyo kanuni njema ni hii: zichorwe kwanza, ziwekwe baadaye. Mtoto na azitumie kalamu zake, agawane na wenzake, ajifunze kuchanganya manjano na buluu apate kijani. Zikibaki vipande, na aviweke hivyo pamoja na kisanduku chake, wala asivitupe. Na aweke pia picha moja au mbili alizozichora kwazo, maana kalamu bila picha ni kama nyavu bila samaki.

Kazi ya kutunza yataka akili, hasa pwani. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, mchwa hula karatasi, na mende hutafuna gundi ya visanduku. Yafaa kutumia mkebe wa bati wa biskuti wenye kifuniko kinachokaza, uwekwe mahali penye kivuli, mbali na dirisha na mbali na jiko. Kalamu ya nta ikikaa miaka mingi hufanya utando mweupe kama ukungu. Hiyo si kuoza, bali ni nta inayotoka nje, na kitambaa laini chatosha kuipangusa. Juu ya hayo yote, ndani ya mkebe iwekwe karatasi yenye jina la mwenye kalamu, mahali alipokaa, mwaka alizozipata, na aliyempa. Mkebe usio na karatasi hiyo, mwenyewe akiisha kufa, huwa takataka, kwa kuwa hapana ajuaye habari yake.

Na yule asiye na kalamu za duka asidhani kwamba shauri hili halimhusu. Rangi zilikuwako pwani kabla ya kiwanda chochote. Mkaa hutoa nyeusi. Chokaa, itokayo katika matumbawe yaliyochomwa, hutoa nyeupe, na ndiyo iliyotumika katika kuta za msikiti wa kale na makaburi ya Tongoni, kusini ya Tanga. Udongo mwekundu wapatikana kila mahali barani, na manjano na hina zi katika kila nyumba. Mtoto akiweka katika vichupa rangi hizi alizochorea, kila kimoja na jina lake na mahali ilipotoka, amefanya mkusanyo wenye thamani ambao haununuliki Ulaya wala Marekani.

Edward Saidi Tingatinga alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, hakungoja apate rangi za ghali za wachoraji. Alichukua rangi ya makopo, namna ile ya kupakia baiskeli, akachora ndege na wanyama juu ya vipande vya ubao mwembamba. Alifariki mwaka 1972 akiwa bado kijana, lakini namna yake ya kuchora yajulikana duniani kwa jina lake. Picha zake za kwanza ziliuzwa kwa fedha kidogo, na leo hutafutwa kwa bidii. Waliozitunza walikuwa na macho. Waliozitupa hawawezi kuzirudisha.

Basi hukumu yenyewe ni hii. Atunzaye kalamu za utotoni ili ajisifu kwa wingi wake, au ili awanyime wengine, afanya kazi bure, na nta itamwadhibu. Lakini atunzaye ili kumbukumbu isipotee, akaandika habari za kila kitu, akawaonyesha watoto na kuwaeleza kosa na jema lililomo ndani yake, huyo ni mtunza historia, ijapokuwa kabati lake ni dogo. Historia ya watu wakubwa huwekwa na serikali na majumba ya makumbusho. Historia ya watoto hapana mwingine wa kuiweka ila watoto wenyewe. Mwanafunzi na atazame leo katika mfuko wake, aone kipande alichotaka kukitupa, akifikirie mara ya pili.