NAFASI YA KILEMA NA «DAKIKA MBILI» ZETU



Katika somo la uraia tulizungumza juu ya miji ambamo watu wenye kilema wanawekewa mahali pao pa kusimamisha motokari, na mwingine akipachukua analipishwa amandi. Sauti moja nyuma ikauliza: «Lakini hapa kwetu, ni kilema gani iko na motokari?» Watu wakacheka. Sisi wa mwaka wa tano tunaona kama swali lile linastahili jibu, si kicheko.

Motokari ya kilema wa kwetu ni kinga ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Nendeni Goma, pale kwenye mpaka mdogo wa kuingia Gisenyi: vilema wanavusha mizigo juu ya kinga zile, na watu wenye miguu mizima wanawasukuma nyuma. Kinshasa vilevile, miaka mingi wafanya biashara vilema walivuka mto kwenda Brazzaville kwa bei iliyopunguzwa, kinga zao zimejaa mali. Chombo kama hicho kinalisha jamaa, na kinaomba njia pana na mahali pa kusimama. Basi jambo hili ni letu kabisa.

Tuangalie kwanza Ufaransa, maana sheria yao ni wazi. Nafasi ya kilema kule inapaswa kuwa na upana wa metre 3,30. Wengine wanadhani ni heshima tu. Hapana! Ni kwa sababu mlango unapaswa kufunguka wote, kigari kiwekwe kando, kisha mtu ahame toka kiti kimoja mpaka kingine. Ukimwachia upana wa kawaida, amefika lakini hawezi kutoka. Mwenye haki anaonyesha karata, na karata ile ni ya mtu, si ya motokari: ukichukua karata ya mama mkubwa wako ukaenda nayo sokoni peke yako, ni kosa lingine tena. Anayesimama pale bila haki analipa euro 135. Akikawia kulipa, inapanda mpaka 375. Tena motokari yake inaweza kuvutwa na kupelekwa mbali. Shikeni neno hilo la kuvutwa, tutalirudilia. Marekani ni wakali zaidi: katika jimbo la California amandi inaanzia dola 250.

Na ile picha nyeupe juu ya bluu, mtu ndani ya kigari, mnajua nani aliichora? Ni mwanafunzi, msichana wa Denmark, Susanne Koefoed, mwaka 1968. Kwanza alichora kigari na mwili bila kichwa. Kichwa kiliongezwa nyuma yake. Tunaandika hayo kwa wale wanaosema kama mwanafunzi hana neno katika mambo ya serikali.

Na kwetu Kongo? Katiba ya 2006, kipengele cha 49, inasema kama wazee na watu wenye kilema wana haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 nchi yetu iliingia katika mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki zao, ambamo kipengele cha 9 kinadai njia na nyumba ziwafungukie. Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria namba 22/003 juu ya ulinzi wao. Maneno hayakosi. Lakini tembea mjini ukatafute nafasi moja iliyopakwa rangi ya bluu: utachoka mbele ya kuiona.

Wala tusiende mpaka mjini. Mbele ya vyumba vyetu vipya kuko njia ya simenti yenye kuteremka, iliyojengwa juu ya mwenzetu anayekuja na kinga. Kazi nzuri, tunashukuru. Lakini pale chini ya njia udongo ni sawasawa na hakuna matope, basi piki-piki za wageni, za wazazi na (watuwie radhi) za walimu wengine zinasimama pale. «Ni dakika mbili tu, nakuya!» Dakika mbili za huyu, dakika mbili za yule, mwenzetu anakaa juani na somo la kwanza linapita. Akiingia, anaandikwa kama amechelewa. Nani amemchelewesha?

Kati yetu kuko waliotaka amandi ya feza, faranga elfu tano kwa kila piki-piki. Tulibishana sana, na wengi wetu tulikataa. Mwenye feza ataona kama amenunua mahali: anatoa faranga, anabaki. Naye mshika amandi ataanza kupenda makosa, sababu makosa ndiyo yanamlisha. Jambo hilo kila mtu analiona barabarani. Na muda huo wote piki-piki iko pale pale. Mwenzetu hapati kitu katika feza ile. Yeye anataka njia.

Kwa hiyo malipizi tunayoomba ni yale yanayofungua njia. Piki-piki ikikutwa pale, isukumwe mara moja mpaka nyuma ya jiko, bila kuuliza ni ya nani, na mwenyewe akaiombe kwa Direkta wa disiplini nyuma ya kengele ya mwisho. Wengine walisema tupande mawe mawili makubwa tu, inatosha. Lakini piki-piki ni nyembamba kuliko kinga yake. Mawe yatamzuia yeye wa kwanza.

«Na nani atasukuma piki-piki ya mkubwa?» Hapo ndipo ugumu wote uko, tunajua. Someni Marko 2. Wale walioziba mlango kule Kapernaumu hawakuwa watu wabaya, walikuja kusikiliza Neno. Hata hivyo, juu ya kumfikisha mwenye kupooza kwa Yesu, ilikuwa lazima watu wane watoboe nyumba kwa juu. Sisi hatuna watu wane kila asubuhi, na bati za shule ni za bei kali.

Tunaomba Bwana Prefe aandike agizo fupi na kutia sahihi, lisomwe mbele ya bendera, na jina la mkubwa yeyote lisitolewe ndani yake. Makopo mawili ya rangi, bluu na nyeupe, yatatosha. Burushi tutashika sisi wenyewe siku ya salongo.

Wanafunzi wa mwaka wa tano