TAHARIRI: Rangi ya kidonge nayo ina asili yake

Mfanyabiashara anayevusha katoni za vitamini na virutubisho kupitia Namanga, Busia au Mutukula amezoea maswali mawili: mzigo una thamani gani, na vibali viko wapi. Siku hizi kuna swali la tatu, na anayeliuliza si ofisa wa forodha bali mteja mwenye duka la dawa upande wa pili: je, hii ni halali? Mara nyingi mwenye mzigo hunyoosha kidole kwenye nembo iliyobandikwa juu ya kopo. Akiulizwa kapsuli imetengenezwa kwa kitu gani, au rangi nyekundu ya kidonge imetoka wapi, hana jibu.

Hilo si kosa lake peke yake. Tunaliandika leo kwa sababu jibu la swali hilo limeanza kuwa na bei sokoni, na kwa sababu sehemu ya jibu inaota katika maziwa yetu wenyewe.

Kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini, inayopatikana kwa kuchemsha ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Rangi nyekundu iitwayo kamini, inayoandikwa E120 kwenye vifungashio, hutokana na wadudu wadogo wa kochinili wanaofugwa juu ya mimea ya jamii ya dungusi kakati, hasa nchini Peru. Wanazuoni wanatofautiana kuhusu wadudu hao. Wapo wanaoruhusu na wapo wanaokataza. Rangi za kemikali hazina utata huo, lakini zina wake. Januari 2025 Marekani ilifuta kibali cha rangi nyekundu namba 3 katika vyakula na dawa za kumeza, na viwanda vikapewa muda wa kutafuta mbadala.

Mbadala mmoja unaotafutwa kwa bidii ni mwani mdogo. Huu si ule unaolimwa Paje na Jambiani kwa kamba na vigingi. Mwani mdogo hauonekani kwa macho mpaka uwe mwingi kiasi cha kugeuza rangi ya maji. Spirulina, ambayo wanasayansi huiweka katika kundi la sayanobakteria, hutoa rangi ya buluu iitwayo fikosiyanini. Dunaliella, inayoishi kwenye maji ya chumvi kali, hutoa beta-karotini ya rangi ya chungwa, hadi kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Haematococcus hutoa astaksanthini nyekundu. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu rangi ya spirulina katika pipi na ubani wa kutafuna, na baadaye ikaongeza matumizi mengine. Mei 2025 iliruhusu buluu nyingine kutoka mwani uitwao Galdieria.

Spirulina si ngeni kwetu. Ndiyo chakula kikuu cha heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo, katika maziwa ya magadi ya Natron, Bogoria na Nakuru, na wekundu wa manyoya yao hutokana na rangi zilizomo katika chakula hicho. Kando ya Ziwa Chad, akina mama wa Kanembu wamekuwa wakiichota kwa vizazi vingi, wakiikausha kwenye mchanga, wakiikata vipande na kuiuza sokoni kwa jina la dihe. Bidhaa hiyo imevuka mipaka kwa mikono ya wachuuzi kabla maabara za Ulaya hazijaanza kuichunguza.

Je, rangi ya mwani ni halali? Kwa asili yake, kiumbe cha majini kisicho na sumu wala najisi hakina pingamizi kubwa. Ugumu uko njiani, kati ya bwawa na kopo. Fikosiyanini huyeyuka katika maji, hivyo huweza kukamuliwa bila kileo. Astaksanthini na beta-karotini haziyeyuki katika maji. Hutolewa kwa mafuta, kwa hewa ya ukaa iliyoshindiliwa, au kwa viyeyusho kama ethanoli. Kisha astaksanthini hiyo mara nyingi huingizwa katika kapsuli laini ya jelatini. Mwani ulioanza safari ukiwa safi unaweza kufika dukani ndani ya ganda la nguruwe, huku kopo likiwa na picha ya jani la kijani.

Wenzetu wa Asia wamelishughulikia jambo hili kwa sheria. Malaysia ina kiwango maalumu cha dawa halali, MS 2424. Indonesia, kwa sheria yake namba 33 ya mwaka 2014, imepanga ratiba ya ithibati ya lazima: virutubisho na dawa za asili ifikapo Oktoba 2026, dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari Oktoba 2029, na za cheti Oktoba 2034. Kiwanda kinachotaka kuuza huko kitalazimika kujua asili ya kila kiungo, rangi ikiwemo. Kitatafuta muuzaji mwenye karatasi zilizonyooka.

Sisi karatasi zetu zikoje? Mfumo wa dunia wa msimbo wa forodha huweka rangi zote za asili, ziwe za mimea au za wanyama, katika kifungu kimoja: 3203. Rangi ya mdudu wa kochinili na rangi ya mmea zinavuka mpaka kwa namba ileile. Ofisa hawezi kuzitofautisha kwa kuangalia tamko la forodha, wala mnunuzi hawezi kulitumia kama ushahidi. Upande wa ithibati, Kenya, Tanzania na Uganda kila moja ina taasisi za Kiislamu zinazotoa vyeti vya halali, lakini nembo ya upande huu haina uhakika wa kuheshimiwa upande ule. Mfanyabiashara analipia cheti, kisha anaambiwa akatafute kingine.

Gazeti hili linapendekeza mambo matatu.

Kwanza, Jumuiya ya Afrika Mashariki igawanye kifungu cha 3203 katika ushuru wake wa pamoja. Tarakimu sita za mwanzo za msimbo ni za dunia nzima na hatuwezi kuzigusa, lakini mbili za mwisho ni zetu. Namba moja iwe ya rangi za mimea na mwani, nyingine ya rangi za wadudu na wanyama. Ni kazi ya kikao kimoja cha wataalamu.

Pili, vyeti vya halali vitambuliwe pande zote. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 tayari inataka alama ya ubora ya nchi moja mwanachama ikubalike katika nyingine. Haieleweki kwa nini saruji na mafuta ya kula yafaidike na kanuni hiyo huku cheti cha halali kikianza upya kila kizuizini. Tangu Somalia ijiunge mwaka 2024, Jumuiya ina soko jingine ambalo karibu wateja wake wote wataliuliza swali lilelile.

Tatu, wadogo wasisahauliwe. Utaratibu rahisi wa biashara unamhudumia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, mradi bidhaa iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Unga wa spirulina unaozalishwa ndani ya Jumuiya uwe na nafasi ya wazi katika orodha hizo, ili asiyeweza kumlipa wakala naye apite mlango wa mbele.

Tunatoa pia tahadhari. Hatusemi watu wabebe ndoo kwenda Natron au Bogoria. Maziwa hayo ni hifadhi na ni uhai wa heroe. Tena maji ya porini yanaweza kuchanganyika na sayanobakteria wenye sumu, ambao watafiti wamewahi kuwahusisha na vifo vya ndege hao nchini Kenya. Mwani wa kuuza hulimwa kwenye mabwawa yanayosimamiwa, na hupimwa maabara kwa sumu na madini mazito.

Wala tusisahau somo la Bogoria. Vijidudu vilivyochukuliwa katika maziwa ya magadi ya Kenya miaka ya 1990 vilizaa vimeng'enya vilivyotumika ng'ambo katika sabuni na kuchujusha nguo za jinzi. Ilipofika mwaka 2004, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilikuwa likidai mgao baada ya biashara kuwa imeshafanyika. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, inazipa nchi zetu nguvu ya kukubaliana mapema. Ziwa Natron halijui mpaka wa Kenya na Tanzania. Makubaliano nayo yafanywe kwa pamoja.

Kwa mfanyabiashara, hakuna haja ya kungoja mawaziri. Kabla ya kulipia mzigo ujao, mwombe msambazaji akuandikie mambo manne: rangi imetoka kwa kiumbe gani, imekamuliwa kwa kitu gani, ganda la kapsuli ni la nini, na nani alitoa cheti, akiwa na namba inayoweza kuhakikiwa. Akikataa, umeshapata jibu. Na usimwambie mteja kwamba spirulina inaponya kisukari au saratani. Rangi ni rangi. Anayeiuza kama tiba anamdanganya mgonjwa na kuwaharibia soko waaminifu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka la dawa anayeuliza kama kidonge ni halali anaomba kuonyeshwa daftari. Kwa sasa mpaka wetu haumsaidii yeyote kulionyesha, na hilo liko ndani ya uwezo wa Jumuiya kulirekebisha.