Sabufa katika fleti: mfikirie jirani pia

Je, msomaji, umewahi kujiuliza kwa nini gitaa la besi la benga husikika vizuri ndani ya matatu lakini hupotea kwenye redio yako ya nyumbani? Spika ndogo haziwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nzito. Uzi mnene zaidi wa gitaa la besi la nyuzi nne hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, ilhali spika nyingi ndogo huanza kufifia hata kabla ya kushuka hadi mara 100. Pengo hilo ndilo huzibwa na sabufa.

Kabla ya kutoa pesa, geuza redio utazame nyuma. Ikiwa ina tundu la sabufa, nunua sabufa yenye amplifaya na plagi yake ya umeme. Ikiwa haina, tafuta ile inayokubali nyaya za spika. Usikubali fundi aunganishe sabufa isiyo na amplifaya kwenye nyaya hizo hizo za spika, kwa kuwa redio ndogo huzidiwa na mzigo, ikapata joto na hata kuungua.

Ukifika nyumbani, usiharakishe kuisukumia kwenye pembe ya chumba. Pembe huongeza besi, lakini mara nyingi huifanya ivume kama debe tupu. Iweke kwanza kwenye kiti chako, cheza wimbo wenye besi, kisha uzunguke chumbani ukiwa umeinama. Pale utakaposikia kila noti wazi, ndipo mahali pake. Kitufe cha kugawa sauti kianzie kati ya 80 na 100. Cha nguvu kianzie chini.

Aidha, kumbuka kwamba ukuta huzuia sauti nyembamba kuliko nzito. Wewe unafurahia wimbo mzima, lakini mwanafunzi wa jirani anayejiandaa kwa mtihani anasikia du, du, du tu. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2009 hudhibiti kelele na mitetemo, na usiku viwango huwa vya chini zaidi.

Zima sabufa katikati ya wimbo. Ukihisi umepungukiwa, umeipima vyema. Ukipata afueni, ilikuwa imezidi. Kisha bisha hodi kwa jirani umwulize anasikia nini. Heri akwambie leo mlangoni kuliko kesho mbele ya askari.